Siku Papa Alipong'oa Mipaka

Pale Jacobs, katika mji huu wa ugenini ninakoishi, kuna kiwanda, sijui ndani wanatengeneza nini, lakini jioni taxi ikisimama kwenye robot, zile taa za barabarani, karibu na ukuta wake, dirishani inaingia harufu ya ndizi zilizofukiwa, zile za kutengenezea kasiksi, pombe yetu ya ndizi ya kule Kivu. Ndizi hakuna pale. Kuna moshi na malori tu. Lakini pua haimsikilizi mtu. Mimi ni mama mzima, nina watoto wanne, mchana nafanya usafi kwenye maghala ya Mobeni, na harufu ile ikiingia tu ninakuwa mtoto mdogo amesimama juu ya kilima, mikono imejaa udongo, anacheka.

Wiki hizi imenishika zaidi kwa sababu ya masomo. Nasoma jioni, pamoja na wenzangu ambao shule yetu ilikatika njiani. Mwalimu wetu ni binti wa Kizulu, mpole, anatuita "mama" hata akiwa anatusahihisha. Sasa tumefika kwenye historia ya Ulaya ya zamani sana, nyakati za mabwana na ngome, ambapo mtu alilima ardhi ya bwana na yeye mwenyewe akahesabiwa kama sehemu ya ile ardhi. Mwalimu akatuuliza: ilikuwaje mtu huru akakubali hivyo? Dada mmoja wa Burundi, ana saluni mjini, akajibu kabla ya wote. "Eish, walikuwa wajinga! Mimi nipige magoti kwa mutu? Na hizi kucha nimelipia?" Darasa likacheka. Mimi pia nilicheka, maana ni dada mzuri na anachekesha. Halafu nikapanda taxi, ikasimama kwenye ile robot.

Kwa hiyo ninaandika habari ya dada yangu Nsimire: vile alivyotoka nyumbani kwetu, na vile Mama alivyotaka kumrudisha. Kila jioni nikishika rozari ninamtaja, na kila jioni ninakwama mahali pale pale. Sijui nimwombee ulinzi kama mtu aliye hai, au nimwombee pumziko. Basi ninasema jina lake tu, ninaliacha mbele ya Mungu, ninaendelea na lingine.

Nyumba yetu ilikuwa mgongoni mwa kilima, na shamba lilishuka mpaka karibu na mto. Ndizi juu, mihogo katikati, maharagwe chini kwenye unyevu. Shamba lile halikuwa la chifu wala la misheni. Babu alilipata kwa ng'ombe, mbele ya mashahidi, na pande zote akapanda majani ya mpaka, yale marefu yenye ncha kama panga. Kwetu mtu hachezi na majani yale. Mbuzi wako akiyala, unaenda kuomba msamaha na kibuyu cha pombe mkononi. Kila Jumapili baada ya misa Papa alikuwa akiyapitia na shati lake la kanisani, akiyagusa moja moja, kama mtu anayesalimia shemeji zake kwenye harusi. Sisi watoto tulimfuata nyuma. Nsimire alikuwa ameshakua, kifua kimetoka, anaona aibu kukimbia. Mimi nilikuwa mdogo, na nilidhani dunia yote imegawanywa na majani yale.

Watu huniuliza vita ilianza lini. Mimi sikumbuki vita kuanza. Nakumbuka vitu kuondoka.

Waliondoka kwanza askari wa darajani. Walikuwa wakitusumbua, wanakula ndizi za watu bila kuuliza, lakini mwizi akikamatwa walimpiga na mtaa wote ukajua kuna mtu anapiga. Mmoja mguu wake ulikuwa mbovu, akitembea anachechemea, na sisi watoto tulimwigiza nyuma ya mgongo wake. Mishahara haikuja. Waliuza mkanda, wakauza viatu, na asubuhi moja kibanda kilikuwa kitupu, tukaingia kucheza ndani. Kisha ikaondoka barabara. Mvua iliila, mwaka mwingine ikaila tena, na hakuna aliyekuja na koleo. Malori yakakoma. Bila malori hakuna chumvi, hakuna sabuni, soko likabaki wamama wachache wanaangaliana. Pesa zenyewe zikawa karatasi, Mama alitufungia ndani yake karanga. Mwalimu wetu wa shule alikwenda kwao na kiti chake kichwani. Kila kitu kilichokuwa kinatoka mbali kikaisha. Kikabaki kile kinachotoka kwenye udongo.

Ndipo wakaanza kuja wale watu. Hatukuwa na jina lao, tulisema tu "wale watu." Walishuka kutoka msituni wakati wa mavuno, mchana kweupe, bila haraka. Kwa bibi mmoja wa kule chini walichukua hata sufuria kutoka motoni, chakula kikiwa kinachemka, na alipoishika wakampiga nayo. Bibi hakumaliza wiki. Padri hakuwepo tena wa kumzika. Mama ndiye aliyesoma sala.

Sasa kule mtoni, kwenye nyumba ya matofali yenye geti la mabati, kulikuwa na mtu tuliyemwita Patron. Zamani alikuwa tu mwenye mashine ya kusaga unga. Nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa unga, na sisi watoto tulisema amezeeka kuanzia machoni. Lakini mashine inaleta unga, na unga unalisha watu, na wanaume wenye njaa wanafuata unga. Wale askari wa darajani hawakwenda mbali. Walikuwa nyuma ya lile geti, wanakula bugali ya Patron, na bunduki zao walikuwa nazo. Bunduki peke yake hawakuiuza.

Mwanzoni alikuwa mwema. Hilo nalisema, kwa sababu ni kweli. Ilipotoka habari kwamba wale watu wanashuka, tulikimbilia kwake, familia nyingi, tunajibana kwenye banda la mashine kati ya magunia. Alitupikia uji. Mimi alinipa kijiko chake mwenyewe. Nilimpenda yule mzee; nilimwambia Nsimire kwamba huyu ndiye malaika mlinzi ambaye katekista alitufundisha, ila hana mabawa kwa sababu ya unga.

Asubuhi moja alisimama mlangoni pa banda, mikono nyuma.

"Bon," akasema. "Mimi niko na vijana. Vijana wanakula. Nani anawalisha?"

"Ni wewe, Patron."

"Na mashamba yenu, nani analinda?"

Watu wakaangalia magunia.

"Nisikilizeni muzuri. Mimi silindi kitu ya mutu. Nikilinda kitu ya mutu, kesho atakuja kuniuliza mbuzi yake iko wapi. Kitu yangu tu njo nalinda. Basi."

Jirani yetu wa juu, Papa Bahati, alikuwa mtu wa mzaha. Hata kwenye kilio alichekesha watu. Akasema, "Sasa, Patron, wale watu watajuaje hii shamba iko yako na hii iko yangu? Muhogo haina mudomo!"

Watu walicheka mpaka vumbi la unga likapanda. Patron pia alicheka, alicheka kuliko wote, akajifuta macho.

"Watajua," akasema.

Siku ile Papa na Mama walibishana kwa sauti ya chini, wakimenya mihogo. Mimi nilikuwa nakusanya maganda.

"Baba yako alilipia ng'ombe," Mama akasema.

"Baba yangu alikuwa na barabara. Alikuwa na daraja, na askari ku daraja. Mimi niko na nini? Niko na mabinti wawili na panga moja."

"Uko na Mungu."

"Mama Nsimire, mimi nasali kama wewe. Labda Mungu njo ametupa Patron."

"Mungu hawezi kukupa mutu halafu akakuomba shamba."

Papa aliendelea kumenya mpaka akamenya na nyama ya muhogo, kikabaki kijiti.

Kesho yake asubuhi tulikwenda kung'oa majani ya mpaka.

Patron alituma kijana mmoja kuangalia. Alikaa juu ya jiwe, bunduki kwenye mapaja, anatafuna muwa. Papa alishika jani la kwanza kwa mikono miwili akabaki ameinama hivyo hivyo, nikadhani limemshinda nguvu, nikaja kumsaidia. Tukalivuta pamoja. Mizizi yake ilikuwa ya rangi ya chungwa, inang'aa, inanuka mvua. Mimi sikuwahi kujua kwamba chini kuna rangi kama ile. Nikaona ni mchezo. La pili nililing'oa karibu peke yangu. Jua lilivyopanda tulikuwa tumemaliza upande wote wa chini, ambako kulipakana na mashamba ambayo Patron alishachukua, na mimi nikasimama nikaangalia.

Hakukuwa na mstari tena. Shamba letu lilikuwa linashuka, linavuka, linapanda kilima kingine, linaendelea mpaka kwenye ukungu. Kichwani mwangu mambo yalikuwa wazi kabisa: majani yale yalikuwa yanaonyesha mahali shamba letu linapoishia. Tumeyaondoa. Kwa hiyo haliishii popote.

Nikapiga kelele: "Nsimire! Kuja uone! Shamba yetu haina mwisho!"

Nikakimbia. Nikavuka ule mstari wa mashimo, nikakimbia kwenye mihogo ya watu wengine, mikono nimefungua, napiga kelele kwamba yote ni yetu. Yule kijana wa bunduki alicheka mpaka maji ya muwa yakampalia. "Ee, kimbia!" akasema. "Kimbia, mutoto, iko yako yote! Papa yake, huyu mutoto iko na akili kuliko wewe!"

Nsimire alikuja akanishika mkono, akanipeleka mtoni kuninawisha. Nilipopanda nyumbani nilimkuta Mama amekaa mlangoni analia. Sikushtuka. Mama alikuwa mtu wa kulia kanisani, kwaya ikiimba vizuri machozi yanamshuka, anasema ni furaha. Nikamkumbatia shingoni nikamwambia, hata mimi nafurahi, Mama.

Jioni ya siku ile, jua bado halijazama, Papa alikwenda kwa Patron na sisi sote nyuma. Alibeba jembe lake begani na bonge la udongo wa shamba ndani ya jani la ndizi. Uani watu walikuwa wamesimama pembeni. Patron alikuwa kwenye kiti. Papa alipiga magoti, akapiga makofi polepole, mikono imekunjwa kidogo, vile kwetu mtu anavyomsalimu mkubwa. Akaweka udongo chini. Akatoa jembe kwa mikono miwili.

Patron akalichukua, akapima makali yake kwa kidole gumba.

"Jembe ya nani hii?"

"Yako, Patron."

"Na huu udongo?"

"Wako, Patron."

"Na wewe?"

Nzi walikuwa wengi pale, nakumbuka, kwa sababu ya ndizi zilizofukiwa kando ya ukuta. Kasiksi ilikuwa inachachuka na harufu yake imejaa uani. Nzi mmoja alitembea kwenye shavu la Papa na Papa hakumfukuza.

"Wako," akasema.

"Bon. Basi mimi nakupa jembe." Akamrudishia lile lile. "Na nakupa shamba ya kulima. Sema asante."

"Asante, Patron."

"Sikusikia."

"Asante, Patron!"

Nikamnong'oneza Nsimire: "Tumepewa jembe!"

"Ni jembe yetu," akasema.

"Apana. Ametupa. Umesikia mwenyewe."

Niliomba nilibebe mimi. Njia yote niliwaonyesha watu jembe tulilopewa na Patron, na watu wakaliangalia, wakaniambia hongera. Mpaka leo sijui kama walinihurumia au walinicheka.

Na wale watu walijua. Hawakukawia. Walishuka mchana, sisi tuko shambani tunapalilia, hakuna hata nafasi ya kukimbia, wakapita kando ya mihogo yetu kama wanapita kando ya ukuta. Mmoja alinisalimia. Wakapanda moja kwa moja kwa Papa Bahati, ambaye majani yake ya mpaka yalikuwa bado yamesimama. Hawakuchukua mbuzi tu. Walimpigisha magoti mbele ya watoto wake wakamwambia ayang'oe majani yale, yote, kwa meno. Tulisikia. Kilima kile sauti inashuka vizuri. Walikuwa wanamtia moyo, wanapiga makofi, "Vuta, mzee, vuta, muhogo haina mudomo, lakini wewe uko nayo!"

Walipokuwa wanarudi na mbuzi, wa mwisho alikuwa anachechemea.

"Yule si wa daraja?" Mama akasema.

"Palilia," Papa akasema.

"Baba Nsimire, yule ni wa daraja. Na yale maneno ya muhogo, walisikia wapi?"

"Nimesema palilia!"

Papa Bahati alipona, kama unaita kupona. Hakufanya mzaha tena. Wiki haikuisha, naye alishuka na jembe lake na bonge lake la udongo, na alipotakiwa kusema asante, Patron alimwambia, "Pole pole, mzee, naona mudomo inauma."

Nikisoma sasa kwenye darasa langu la jioni, mwalimu anaandika ubaoni vile mambo yalivyokuwa huko Ulaya: serikali imeanguka, njia zimeharibika, biashara imekufa, kila mwenye silaha ni mfalme wa kilima chake. Ninanakili kwa mwandiko mzuri. Hakuna neno hata moja ninalohitaji kuelezwa.

Baada ya hapo tulikuwa watu wake. Siku kadhaa za wiki Papa na Mama walilima kwake, aliita salongo, neno la serikali ya zamani la kazi ya lazima, kana kwamba serikali ni yeye. Mavuno yetu yakigawanywa, fungu lake linatoka kwanza. Unga ilikuwa lazima kusaga kwenye mashine yake, na mashine inakata sehemu yake. Mama alijaribu kutwanga nyumbani, asubuhi mapema, ameweka kitambaa ndani ya kinu kisilie. Walisikia vilevile. Walikuja wawili, wakamwambia Mama akitoe kinu mwenyewe, na shoka akalete mwenyewe. Kinu kile kilikuwa cha mama yake. Walipomaliza kukipasua wakamwambia asante kwa kuni.

Halafu Patron akaanza kuulizia mabinti. Alikuja kwetu mwenyewe, hakutuma mtu. Mama akamtolea kiti. Akakaa, akamwangalia Nsimire aliyekuwa anachambua maharagwe.

"Huyu analala wapi?"

"Hapa, Patron," Papa akasema.

"Hapa ni mbali. Mimi vitu vyangu navilinda ku kwangu. Wale watu wakipita wakamukuta hapa, nitawaambia nini? Watauliza, huyu iko ya nani?"

"Patron, bado ni mutoto."

"Mutoto ni huyu," akasema, akanishika kichwa changu. "Kwangu iko maji ya kuchota na vijana wa kupikia. Atakula muzuri."

Papa alipiga magoti. Alikuwa ameshazoea, yalishuka haraka. Alisema maneno mengi, alitoa fungu letu la maharagwe, alitoa mwaka mzima wa salongo. Patron alimsikiliza kama mtu anayesikiliza mvua, anangojea tu iishe. Mama alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja huku, mmoja huku, amejaza mlango wote. Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anasali Salamu Maria, kwa sauti ya kawaida, na huku anamwangalia Patron machoni.

Nsimire ndiye aliyesimama. Akakunja kitenge chake cha kubadilisha. Akasema, "Mama, toka ku mulango."

"Sitoki."

"Mama. Wataenda kwa Papa kama walivyoenda kwa Papa Bahati. Toka."

Mama hakutoka. Nsimire alipita chini ya mkono wake, akiinama, vile tulivyokuwa tunapita tukicheza. Nami nilikuwa nimeona wivu, maana nilisikia atakula vizuri. Nikamshika Patron suruali nikamuuliza, "Na mimi siku gani?"

Akacheka. "Ukikua," akasema.

Basi Mama akaanza kazi yake. Kila Jumamosi alichemsha viazi vitamu, akavifunga kwenye jani la ndizi, akashuka mpaka kwenye lile geti, mvua au jua. Siku nyingine walimruhusu kumwona, siku nyingine walimwachia mbwa. Mara moja yule wa kuchechemea alivila viazi mbele yake, kimoja kimoja, anamsifu upishi. Mama aliporudi tulimuuliza amemwona? Akasema, bado, lakini nitamtoa. Papa alimwambia aache, anatuletea hatari. Mama akamjibu: "Wewe ulipiga magoti mara moja, wamekuzoea. Mimi nitasimama pale mpaka wanichoke."

Nilikwenda naye siku moja. Nsimire alitoka, kichwa kimenyolewa, kitenge si kile chake. Alikuwa anatembea bila kunyanyua macho, na aliongea polepole, kama mtu anayeongea karibu na mgonjwa. Nikamuuliza kama anakula vizuri. Akasema, ndiyo. Nikamuuliza mbona amekonda. Mama akanifinya.

Kisha vita ile yenyewe, vita kubwa, ikafika. Kwanza watu kwenye njia, siku nyingi, magodoro kichwani, kuku mikononi. Kisha mlio, mbali, kama mtu anayeburuta meza. Asubuhi moja mlio ulikuwa upande wa pili wa mto, na kilima kizima kikafunga mizigo, kikashuka, si kwenda popote, ni kwenda kwa Patron. Tulimpa ardhi yetu kwa ajili ya siku kama ile.

Geti lilikuwa wazi. Gari lilikuwa uani, la kijani, sijui alilitoa wapi. Vijana wake walikuwa wanapandisha mashine ya kusaga, wameifunga kamba, wanasukuma, Patron mwenyewe anaelekeza, taratibu, taratibu, msiivunje. Kisha mbuzi. Kisha magunia, na vijana juu ya magunia. Watu wa kilima walijipanga njiani kwa magoti, Papa katikati yao, wanapiga makofi.

"Patron, na sisi?"

Alikuwa ameshakaa mbele. Aliangalia nje kwenye dirisha, akaonekana kama anashangaa kutuona.

"Kila mutu iko na miguu yake," akasema.

Gari likaondoka. Watu waliendelea kupiga magoti kwa muda, sijui kwa nini. Mama peke yake alikuwa na furaha. Niliona uso wake; siku ile nilijua kutofautisha. Alitupa mzigo, akakimbia kwenye geti, "Nsimire! Nsimire, mwanangu, tunaenda!"

Nsimire alikuwa amesimama ndani, uani patupu, na rundo la funguo mkononi.

"Ameenda," Mama akasema. "Kuja haraka."

"Nimemuona. Ameniachia funguo."

"Tupa hizo funguo!"

"Amesema nilinde nyumba. Akirudi akikuta nimetoka, shamba ya Papa anapa mutu mwingine."

"Shamba gani? Nani atalima? Nsimire, angalia, watu wote wanakimbia! Amebeba mpaka mbuzi, na wewe amekuacha!"

"Atarudi. Iko na nyumba hapa."

Papa alikuja na mzigo Mama aliotupa. Hakupiga kelele. Alinyoosha mkono kumshika, na Nsimire akarudi nyuma hatua moja, akashika geti.

"Papa, wewe ulipiga magoti kwa ile shamba," akasema. "Na mimi nimelipia. Unajua vile nimelipia? Siwezi kuitupa sasa."

Papa mkono wake ulibaki hewani. Mlio ulisikika tena, karibu, mabati yakatetemeka, na Nsimire akatumia nafasi ile kusukuma geti. Lilikuwa zito. Alilisukuma kwa bega, vile mtu anavyosukuma kitu alichokwisha kuzoea.

Mama alilipiga kwa ngumi. Alilipiga kwa kichwa. Alimwita kwa jina la ubatizo, akamwita kwa jina la kitoto ambalo siliandiki hapa. Papa alimvuta, yeye akashika chuma. Watu walikuwa wanatupita, wanatugonga na mizigo yao, na mimi nilikuwa nimemshika Mama kitenge, nalia kwamba twende, twende, wanatuacha. Mwishoni Mama akalala kifudifudi, akatoa kwenye mzigo wetu jani lenye viazi vitamu, chakula chetu chote cha njia, akavisukuma chini ya geti.

Mkono wa Nsimire ukatokea, ukavichukua.

"Asante, Mama," akasema kutoka ndani, kwa ile sauti yake mpya. "Sasa muende. Musisimame ku mulango ya mutu."

Nikasikia ufunguo ukigeuka, kisha miguu yake ikirudi ndani, bila haraka, kama ya mtu aliyeacha kazi yake katikati.